Homa ya ini B na ujauzito: namna ya kujipanga Dar es Salaam kabla mtoto hajazaliwa

Mdogo wangu alijifungua Jumamosi, saa kumi na mbili na robo jioni. Mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo, alilia vizuri. Tulikuwa tunajua tangu mwezi wa nne wa mimba kwamba mama ana virusi vya homa ya ini B, na tulikuwa tumechagua kituo chenye chanjo ya mtoto mchanga. Nikaenda kuiulizia. Friji ya chanjo imefungwa kwa kufuli, ufunguo anao muuguzi wa chanjo, naye ametoka kazini saa tisa alasiri, ameshavuka zake kwenda Kigamboni, simu haipatikani. Mtoto alichomwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Saa zaidi ya 38, wakati chanjo ile inatakiwa ndani ya saa 24.

Mimi ni mkunga. Kliniki ya wajawazito hapa Dar es Salaam nimeifanya miaka mingi. Mtoto yule alipimwa baadaye na hana maambukizi, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule nilikaa kwenye benchi la wodi nikijiuliza ilikuwaje mimi, ninayeijua kazi hii, sikuuliza mapema ufunguo wa friji unalala wapi. Tangu hapo kila mama mwenye majibu kama ya mdogo wangu namwambia kwamba saa 24 za mwanao zinaandaliwa miezi mitano kabla. Yanayofuata hapa ni maandalizi hayo, kwa mpangilio ninaoufuata nao.

Kwanza ujue kwa nini tunakimbizana na saa

Homa ya ini B ni virusi vinavyokaa kwenye ini. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hupambana navyo hadi ukavimaliza. Wasiozidi 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo maisha yote. Kwa mtoto mchanga hesabu inageuka kabisa: akiambukizwa wakati wa kuzaliwa au ndani ya mwaka wa kwanza, watoto 90 na zaidi kati ya 100 hubaki navyo. Hatakuwa na dalili yoyote. Atatambaa, atakwenda shule, ataoa au ataolewa. Ini linaweza kuanza kusinyaa, au saratani ya ini ikajitokeza, akiwa na miaka thelathini au arobaini na watoto wake wanamtegemea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na virusi hivi, na kanda ya Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Maana yake mama wa miaka thelathini anayekuja kliniki leo hakuipata alipokuwa mchanga. Waliozaliwa baada ya hapo walianza kuchanjwa wakiwa na wiki chache, lakini kama mama alikuwa na virusi, wiki hizo chache zilikuwa tayari ni nyingi.

Hatua ya 1: Fungua kadi yako ya kliniki, usome

Chukua kadi sasa hivi kabla hujaendelea. Humo utaona sehemu ya kaswende, ya VVU, ya kundi la damu, na pengine utaona imeandikwa "HB" ikifuatiwa na namba kama 10.8 au 11.5.

Hiyo HB si homa ya ini B. Ni wingi wa damu.

Nimekutana na akina mama wengi walioniambia kwa uhakika kabisa, "Nesi, mimi homa ya ini nimeshapima, nina kumi na moja." Hata wenye elimu zao. Hakuna aliyewaeleza, na herufi ni zilezile mbili. Kipimo unachokitafuta kinaandikwa HBsAg, na jibu lake huwa ni hasi au chanya, halina namba ya nukta. Kama huoni herufi hizo tano popote kwenye kadi wala kwenye karatasi ya maabara, chukulia kwamba hujapimwa, hata kama ulitolewa damu nyingi siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Omba kipimo, mapema

Njoo kliniki kabla ya wiki ya 12. Usisubiri tumbo lionekane. Mwambie muuguzi waziwazi: "Naomba nipimwe homa ya ini B pamoja na vipimo vingine." Ni tone la damu kwenye kidole au damu kidogo ya mshipani, na kwa kipimo cha haraka jibu hutoka chini ya nusu saa.

Unaweza kuambiwa vitendanishi vimeisha, au kituo hakifanyi kipimo hicho. Usiondoke mikono mitupu. Omba uandikiwe ukapime kituo kingine, na uulize bei kabla ya kutolewa damu. Kama una bima, pitia dirisha la bima kwanza. Kutoka zahanati ya mtaani unaweza kuelekezwa kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, iwe Amana, Mwananyamala au Temeke. Majibu yakitoka, karatasi ibanwe kwenye kadi. Majibu yaliyobaki kwenye droo nyumbani Chamazi hayatamsaidia mkunga atakayekupokea usiku wa manane Mbagala.

Jambo dogo la kuzingatia: kama umechomwa chanjo ya homa ya ini hivi karibuni, subiri mwezi upite ndipo upime HBsAg. Chanjo yenyewe huweza kuonekana kwenye kipimo kwa siku chache na kukupa chanya isiyo ya kweli.

Hatua ya 3: Lisome jibu lako

Hasi: huna virusi kwa sasa. Kama mumeo au mtu unayeishi naye anavyo, au kazi yako inakukutanisha na damu, omba chanjo. Ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Mjamzito anachomwa bila shida, haina virusi hai.

Chanya: unavyo. Tulia kwanza. Virusi hivi havimharibu mtoto tumboni, mimba inaendelea kama kawaida, na huna sababu ya kuzaa kwa upasuaji kwa ajili ya hili peke yake. Kumnyonyesha utamnyonyesha. Hatari kubwa iko wakati wa kuzaa, mtoto anapokutana na damu na majimaji ya mama, na hiyo ndiyo tunayoizuia.

Usijipime kwa kioo. Wengi hungoja macho kuwa ya manjano ndipo waamini. Wenye virusi hivi kwa muda mrefu kwa kawaida hawana dalili, na uchovu na kichefuchefu mjamzito anavyo hata bila virusi vyovyote. Ila macho yakiwa ya manjano kweli, mkojo ukawa wa rangi ya kola, au ukaanza kusinzia na kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Zungumza na mwenzako

Hapa ndipo nimeona ndoa zikitikisika, kwa hiyo sitaipita haraka.

Mama anapokea jibu, anakaa nalo wiki tatu, anaogopa kusema. Au anasema, na mume anauliza swali moja tu: "Umeyatoa wapi?" Na mara nyingine ni mama anayemuuliza mume. Basi lishikeni hili wote wawili: huku kwetu wengi wenye virusi vya homa ya ini B wanavyo tangu utotoni. Walivipata walipozaliwa, au wakicheza na ndugu wenye vidonda, au kwa wembe mmoja uliotumika kwa watoto watano. Ni kweli kwamba vinaambukizwa pia kwa kujamiiana, lakini karatasi ya maabara haisemi vilikuja lini, wala nani alimletea nani. Anayeitumia kama ushahidi wa kufumania anaitumia vibaya.

Siku ya kwanza kliniki nyingi huomba uje na mwenza. Itumie asubuhi hiyo, mpimwe wote. Kama amekuja ukiwa umeshajua majibu yako, mwombe muuguzi au mshauri awaeleze mkiwa wawili chumbani. Kama utamwambia nyumbani, maneno mafupi yanatosha: "Baba Asha, kliniki wamenipima ini, wamekuta virusi. Mtoto anaweza kukingwa na chanjo akizaliwa. Wewe na Asha nanyi mnatakiwa kupimwa, atakayekuwa hana achanjwe." Anza na mtoto. Wanaume wengi niliowaona wakikunja uso mwanzoni walikunjua waliposikia kuwa kuna kitu cha kufanya.

Huenda pia mumeo anajua na hajasema. Damu inayochangiwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na C, na wapo waliopewa majibu yao kwa njia hiyo wakayafungia moyoni. Muulize kwa upole. (Ila asiende kuchangia damu ili apate kipimo cha bure, aende maabara apime.)

Mpaka atakapopimwa na kumaliza chanjo zake, tumieni kondomu. Watoto wakubwa wapimwe wote, hata kama kadi zao za chanjo zimejaa.

Na nyumbani? Wembe, mswaki, mkasi wa kucha, sindano: kila mtu na chake. Virusi hivi huweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku saba, kwa hiyo damu kavu nayo isidharauliwe. Ikidondoka, vaa glavu au mfuko mkononi, mwagia jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, acha dakika kumi, ndipo ufute. Kwa kinyozi, nenda na mashine yako au uhakikishe anatakasa vifaa. Lakini sahani, kikombe, choo, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, mbu, hakuna hata kimoja kinacholeta ugonjwa huu. Nimeshamkuta mama wa watu katengewa sahani na kijiko chake na wifi zake, analia jikoni. Sinia la pilau liliwe na wote.

Hatua ya 5: Vipimo vya pili

HBsAg chanya inasema tu kwamba virusi vipo. Sasa tunataka kujua vipo kwa wingi kiasi gani na ini likoje. Omba rufaa mapema, maana foleni ya daktari, foleni ya maabara na foleni ya barabarani zote zinakula wiki za mimba. Ukiishi Bunju au Chanika, siku moja ya kwenda mjini imekwisha.

Vipimo vya kuuliza ni hivi. Kwanza wingi wa virusi. Hiki ndicho muhimu kuliko vyote, na kizingiti kinachotumika ni 200,000 kwa mililita. Kama hakipatikani au hukimudu, kuna HBeAg. Huyu ni ndugu wa HBsAg, jina limefanana lakini lina herufi "e", na chanya yake inaonyesha virusi vinazaliana kwa kasi. Mama mwenye HBeAg chanya ambaye mtoto wake hakukingwa kwa lolote humwambukiza mtoto kwa kiwango cha 7 hadi 9 kati ya 10. Kisha utendaji wa ini, hasa ALT (kipimo kinachopanda ini likiumia), chembe sahani za damu, utendaji wa figo, na ultrasaundi ya ini, ambayo ni tofauti na ile ya kumwangalia mtoto. Kama VVU hukupimwa, pima sasa, kwa sababu jibu lake linabadilisha dawa.

Daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa anaweza kukuhudumia kwa mengi ya haya. Ini likionekana limeshaumia utapelekwa kwa mabingwa wa mfumo wa chakula na ini Muhimbili. Kanakili kila jibu kwenye daftari lako mwenyewe, na tarehe. Karatasi hupotea.

Hatua ya 6: Dawa, kwa anayehitaji

Dawa ni tenofovia, kidonge kimoja kwa siku. Inashusha wingi wa virusi ili siku ya kuzaa mtoto akutane na vichache iwezekanavyo, kwa sababu mama mwenye virusi vingi mno anaweza kumwambukiza mtoto hata kama chanjo imewahi. Hupewa mwenye wingi wa virusi 200,000 na zaidi, au HBeAg chanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umekwenda mbali zaidi: pasipo na vipimo hivyo viwili, mjamzito yeyote mwenye HBsAg chanya anaweza kupewa, kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba hadi angalau ajifungue au mtoto amalize chanjo zake. Kwa hiyo ukiambiwa "kipimo hakuna, subiri uzae", muulize daktari kwa heshima juu ya hilo. Ni haki yako kuuliza.

Kama unaishi na VVU na unatumia dawa zenye tenofovia ndani yake, kama ile ya mchanganyiko inayotumiwa na wengi nchini, tayari unatibiwa yote mawili kwa kidonge kimoja. Usiongeze cha pili na usiache hicho.

Na kwa sababu ni dawa ileile, mama asiye na VVU hupewa chupa inayofanana na za VVU, na nyumba zetu za kupanga, mlango kwa mlango na uani mmoja, macho ni mengi. Najua wanaoimwaga chooni kwa kuogopa maneno ya majirani. Usiimwage. Mweleze mumeo, mweleze mama yako au dada unayemwamini, ili awepo mtu nyumbani wa kukukumbusha badala ya kukutilia shaka. Usiache pia ghafla baada ya kuzaa bila daktari kujua. Virusi vinaweza kupanda na ini likavimba.

Dawa nyingine zote uliza kwanza. Sana sana zile za majani na mizizi zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini. Hili nalisema kwa uchungu, nimeona wajawazito waliofika wakiwa njano baada ya kuzinywa. Pombe acha kabisa. Na unga na karanga: chochote kilichoota ukungu tupa, usikioshe ukakaanga. Sumukuvu iliyomo ndani ya ukungu, ikikutana na virusi hivi, huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Ndiyo sumu hiyohiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Hatua ya 7: Uchunguze ufunguo wa friji

Mimba ikifika miezi saba, nenda kwenye kituo utakachojifungulia ukaulize maswali haya, ana kwa ana, na andika majibu:

Mna chanjo ya homa ya ini B ya mtoto mchanga, ile ya peke yake? Sisitiza "ya peke yake". Penta ina homa ya ini ndani yake lakini imechanganywa na nyingine nne, na haichomwi kabla ya wiki ya 6. Mtu asikwambie "atapata kwenye penta" ukaondoka umeridhika. Kwa mtoto wako wiki sita ni kuchelewa.

Inatolewa usiku? Jumapili? Sikukuu? Nani ana ufunguo, na akiwa hayupo nani mwingine?

Kama hawana, naweza kuipata wapi, na mtanichomea nikija nayo? Chanjo hii inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Haibebwi kwenye mkoba kutoka Kariakoo hadi Kimara kwenye jua la saa saba. Ni bora mtoto apelekwe ilipo, au kituo kiwasiliane na kituo. Ikilazimu kubebwa, iwe kwenye kiboksi cha chanjo alichokiandaa mtaalamu.

Mna imunoglobulini ya homa ya ini B? Hii ni kinga iliyotengenezwa tayari, huchomwa paja la pili ndani ya saa 12. Ni ghali na si rahisi kuipata. Ukiipata ni vizuri sana, usipoipata usikate tamaa wala usiuze cherehani yako kuitafuta. Chanjo iliyowahi, pamoja na dawa kwa aliyestahili, ndiyo inayobeba kazi kubwa.

Kisha panga usafiri wa namna mbili: wa mchana na wa usiku. Anayeishi Kigamboni ajue atapita daraja au pantoni, na pantoni ikiwa na foleni atafanya nini. Wa Mbagala afikirie masika. Weka namba ya bajaji wawili, si mmoja. Na chagua mtu mmoja, namwita msimamizi wa saa: mume, dada, shangazi, yeyote asiyeona aibu kumsumbua muuguzi. Kazi yake itaanza mtoto akitoka.

Mwisho, kwenye ukurasa wa mbele wa kadi bana karatasi yenye maneno haya kwa herufi kubwa: MAMA HBsAg CHANYA. MTOTO ACHANJWE HOMA YA INI B NDANI YA SAA 24. Akina mama wengine hawapendi kadi iseme hivyo mbele ya watu. Basi iweke ndani ya bahasha, lakini msimamizi wa saa ajue ilipo.

Hatua ya 8: Leba

Ukipokelewa tu, mwambie mkunga. Usidhani ameona kwenye kadi. Zamu hubadilika na leba hujaa. Akishajua, ataepuka kukupasua chupa mapema bila sababu, na mtoto atafutwa damu vizuri kabla hajachomwa sindano yoyote.

Msimamizi wa saa aandike saa kamili ya kuzaliwa, kwenye simu au kiganjani. Aulizie chanjo mara moja, bila kungoja mama ahamishiwe wodini. Na ajue kuzitofautisha, maana hapa napo watu huchanganya: sindano ya begani ni BCG, ya kifua kikuu. Matone ya mdomoni ni polio. Ya homa ya ini huchomwa pajani. Mama akikwambia "kachomwa tayari", muulize wapi. Kisha hakikisha imeandikwa kwenye kadi ya mtoto, tarehe na saa.

Mtoto akizaliwa njiti au mdogo wa kilo, achomwe pia, asisubiri kukua. Na kama saa 24 zimepita, kama ilivyokuwa kwetu, bado mkimbize. Kinga hupungua kadiri muda unavyopita, lakini iliyochelewa ni bora mara nyingi kuliko kuiacha. Ukijifungulia nyumbani au njiani, mpeleke mtoto asubuhi hiyohiyo. Arobaini itakuja kwa wakati wake.

Hatua ya 9: Baada ya kurudi nyumbani

Mnyonyeshe. Anza saa ileile ya kwanza, hata kabla ya chanjo. Maziwa hayajathibitika kuleta ugonjwa huu, na tenofovia haikuzuii. Chuchu zikipasuka, mwone mkunga akusahihishe mtoto anavyoshika titi.

Mtoto akiwa na manjano siku ya tatu, usijiambie "ni ini langu". Manjano ya wachanga yana sababu zake nyingine. Mpeleke akaangaliwe kwa hayo. Aliyeambukizwa homa ya ini B akizaliwa kwa kawaida haonyeshi kitu, ndiyo maana tunampima.

Penta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zote tatu, kwa tarehe. Ukijumlisha ya kuzaliwa zinakuwa nne. Ukisafiri kwenda kupumzika kwa mama Tanga au Moshi, nenda na kadi. Zahanati ya huko itamchoma.

Halafu miezi tisa, siku anapokwenda kuchomwa ya surua, mwombe muuguzi akuandikie na kipimo cha HBsAg cha mtoto, pamoja na cha kinga ya mwili kama maabara inakifanya. Usimpime kabla ya hapo, majibu ya mapema hupotosha. Wengi huishia penta ya tatu wakasahau, na hawajui mpaka leo kama chanjo ilishika. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako siku ileile unayotoka wodini.

Na yako weka pembeni yake. Baada ya kujifungua ini huweza kuchachamaa, kwa hiyo ALT irudiwe ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha daktari atakupangia, kwa kawaida kila miezi sita au mwaka, mwili ukiwa na nguvu zake na huumwi popote. Mdogo wangu huenda Machi na Septemba. Anamwacha mtoto kwangu, anapanda mwendokasi, saa nane mchana karudi na karatasi yake, ananionyesha kabla hajavua viatu.